Shajara ya Mradi wa Chalbi: Magari Matatu kutoka Mombasa hadi Ziwa Turkana

12 Septemba, Changamwe

Leo Kobe amepandishwa juu ya magogo, kwa hiyo nahesabu kwamba mradi umeanza. Kobe ni Land Cruiser ya dizeli yenye umri wa miaka thelathini, na umri wake wote ameumaliza Mombasa. Injini haina neno. Mashaka yapo chini. Mjomba, ambaye ndiye fundi wetu na ndiye mkubwa wa msafara, alilala chini ya gari akagongagonga chesisi kwa nyundo huku akisikiliza. Alipofika karibu na shikizo la springi ya nyuma, upande wa kushoto, sauti ikabadilika. Akachukua bisibisi akaisukuma. Ikaingia kama inaingia kwenye boga.

"Bahari hiyo," akasema.

Sisi tunaoishi pwani tunaijua chumvi. Tunaiona kwenye mabati, kwenye bawaba za madirisha, kwenye waya za umeme. Sasa tunataka kulichukua gari lililoliwa na chumvi ya bahari tulipeleke Chalbi, jangwa la chumvi kaskazini mwa Kenya. Mjomba anasema hilo si kosa mradi tujue tunakwenda wapi. Ametoa orodha ya kwanza: kukata na kuchomelea upya sehemu tatu za chesisi kwa bamba la milimita 5, bushi zote mpya, mipira ya rejeta mipya, chujio jipya la hewa. Rangi tuiache. Rangi haivuki jangwa.

3 Oktoba

Chesisi imekwisha. Nimeigonga mwenyewe leo, inalia mlio mmoja kutoka mbele hadi nyuma.

Kikao cha kwanza cha watu wote kimefanyika nyumbani kwa shemeji. Tuko saba na magari ni matatu. Kobe ataendeshwa na Mjomba. Chewa, gari la shemeji, litabeba watu watatu pamoja na chakula. Punda ni pikapu yangu ya milango miwili, na jina lake limekuja lenyewe kwa sababu ndiye mbebaji. Tuna muuguzi mmoja, rafiki wa dada yangu, na ndiye niliyemwomba kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliyebaki kumshawishi ni mwalimu mmoja na mkewe, na hao walikubali kabla sijamaliza kueleza.

Njia tuliyokubaliana: Mombasa hadi Nairobi, Isiolo, Marsabit. Hiyo yote ni lami, zaidi ya kilomita 1,000. Zamani kutoka Isiolo kwenda Marsabit ilikuwa safari ya kung'oa meno, magari yakienda kwa misafara yenye askari. Sasa lami inakwenda hadi Moyale mpakani. Baada ya Marsabit tunaiacha lami Bubisa, tunaingia Maikona, Kalacha, North Horr, kisha Loiyangalani ziwani. Kurudi tutapitia barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, kilomita 208 hadi Laisamis, ambako tutaikuta tena lami.

Kiini cha safari ni Chalbi yenyewe, kati ya Maikona na North Horr. Jina hilo katika lugha ya Wagabra, wafugaji wa huko, lina maana ya mahali patupu penye chumvi. Ilikuwa ziwa zamani sana. Maji yalikauka, ikabaki sakafu ya udongo na chumvi, tambarare hadi macho yanachoka. Mvua ikinyesha sana hugeuka kuwa ziwa tena kwa muda.

24 Oktoba

Hesabu ya maji na mafuta. Naiandika kwa urefu kwa sababu tumebishana jioni nzima na sitaki turudie.

Maji: watu saba na mwenyeji mmoja tutakayemchukua Maikona, jumla wanane. Lita 6 kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia. Siku tano kutoka Marsabit hadi tutakapoikuta lami. Hiyo ni lita 240. Ongeza 40 za rejeta na dharura. Lita 280, yaani jerikeni kumi na nne za lita ishirini. Shemeji alisema Kalacha kuna chemchemi na North Horr kuna visima, kwa nini tubebe yote? Muuguzi akamjibu kwamba visima vile ni vya watu na mifugo yao, na msafara wa starehe haustahili kupiga foleni mbele ya ngamia. Nimelipenda jibu hilo, na ndilo lililopita.

Mafuta: kuanzia Marsabit hadi Laisamis tumekadiria kilomita 560. Kwenye mchanga na mawe nahesabu kilomita 5 kwa lita, si zaidi. Lita 112 kwa kila gari. Tukiongeza theluthi kwa kupotea njia, kurudi nyuma na kukaa kwenye gia za chini, zinakuwa lita 150. Matangi yanachukua kama 90. Kwa hiyo kila gari linahitaji jerikeni tatu za ziada. Mafuta hupatikana North Horr na Loiyangalani kutoka kwenye mapipa, lakini hatuwezi kuyategemea.

Ukijumlisha maji na mafuta ya akiba unapata zaidi ya kilo 400, kabla ya hema hata moja.

21 Novemba, machimbo ya mchanga upande wa Kilifi

Siku ya mazoezi. Wenye machimbo wametuachia Jumapili nzima.

Kazi kubwa ya leo ilikuwa upepo wa magurudumu. Kwenye lami tunatembea na paundi 36. Kwenye changarawe 28. Kwenye mchanga tunashuka hadi 18. Mwalimu hakuamini mpaka alipoona kwa macho: Chewa alizama akiwa na 36, tukapunguza hadi 18 bila kuchimba hata koleo moja, akatoka mwenyewe akinguruma taratibu. Gurudumu lenye upepo mdogo hurefuka pale linapogusa ardhi, uzito ukatandazwa. Ni sawa na mtu wa pwani anayevuka matope ya mikokoni maji yakipwa: hakanyagi kwa kisigino, hutandaza mguu. Ila gurudumu likiwa laini hivyo usikimbie wala usikate kona kwa nguvu, maana linaweza kuchomoka kwenye ringi. Na ukirudi kwenye barabara ngumu lazima ujaze, kwa hiyo kampresa ni chombo cha kwanza kwenye orodha baada ya maji.

Jambo la pili, na hapa Mjomba alipandisha sauti kwa mara ya kwanza: kamba ya kuvutia haifungwi kamwe kwenye lile tufe la kukokotea trela. Tufe likikatika linaruka kama risasi na kumpata yeyote aliye mbele. Kamba inafungwa kwenye ndoano iliyoshikana na chesisi. Waya wa winchi, ile mashine ya kuvutia iliyofungwa kwenye gari, ukivuta, unatupiwa blanketi zito katikati ili ukikatika uanguke chini. Watu wote wasiohusika wakae mbali, umbali unaozidi urefu wa waya. Tumefanya mara sita hadi kila mtu, pamoja na mke wa mwalimu ambaye hajawahi kushika winchi, akaweza bila kuulizwa.

12 Desemba

Mvua za vuli zimenyesha vizuri Marsabit. Ni habari njema kwa wafugaji. Kwetu sisi ni kusubiri. Dereva wa lori anayepeleka bidhaa North Horr ametuambia kwa simu kwamba sehemu za Chalbi zina maji na malori yanazunguka mbali. Tulipanga kuondoka katikati ya Januari. Tumesogeza hadi Februari, kabla masika hayajabisha hodi. Shemeji imebidi aombe likizo upya kazini.

9 Januari

Leo tumepeleka Punda kwenye mizani ya ghala la nafaka akiwa amepakiwa kama atakavyosafiri. Kibati cha gari kinaruhusu kilo 2,900 kwa jumla. Mizani imesoma 3,240.

Nilinyamaza kidogo. Kilo 340 za ziada! Na hii ni pikapu niliyoipakia mimi mwenyewe kwa uangalifu, kila kitu nikiona ni cha lazima.

Tumeshusha kila kitu uani tukakipanga kwenye turubai. Kila kitu kikaulizwa: usipokuwepo, nani ataumia? Jenereta imeondoka. Friji imeondoka. Viti vya kukunja vimeondoka, tutakaa kwenye mikeka, na mkeka haujamwumiza mtu. Meza imeondoka. Sanduku langu la spana lilikuwa na kilo 46. Mjomba amelichambua likabaki na 19, kwa kuacha tu spana zinazolingana na nati zilizopo kwenye magari haya matatu. Jerikeni za mafuta zimegawanywa tatu kwa kila gari badala ya zote kuwa kwa Punda. Maji yamebaki. Hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Mizani ya pili: 2,870.

Usiku nimewaza wapagazi. Mwaka 1888 msafara wa Teleki na von Höhnel, wavumbuzi kutoka Austria-Hungaria, ulifika kwenye lile ziwa tunalokwenda, nao wakalipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf. Jina la Turkana lilitolewa rasmi mwaka 1975. Vitabuni husomwa majina ya hao wawili. Lakini mizigo ilibebwa na watu wa kwetu, wapagazi walioandikwa Unguja na pwani, wakaondokea Pangani, na aliyefuatana nao ni Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani. Mzigo wa mpagazi wa siku zile ulikuwa kama farasila mbili, kilo thelathini na kitu, kichwani au begani, kwa miguu, miezi na miezi. Watu wale walijua uzito wa kila kitu kwa sababu kila kitu kilikuwa juu ya shingo ya mtu. Na walipolikimbilia ziwa kwa kiu, walikuta maji yake yana magadi. Nimeandika jina la Jumbe Kimemeta ndani ya mlango wa Punda kwa kalamu ya rangi.

7 Februari, Marsabit

Siku mbili za lami, hakuna la kusimulia isipokuwa pancha moja karibu na Merille. Marsabit ni mlima wa msitu katikati ya ukavu, na asubuhi ukungu unashuka hadi huoni lango la gesti. Watu wanavaa makoti. Ni vigumu kuamini kwamba chini ya mlima huu, mwendo wa saa chache, kuna jangwa.

Tumejaza mafuta. Tumekwenda polisi kuripoti njia yetu na tarehe ya kutokea Laisamis, na kuulizia usalama. Tumeacha namba ya simu ya setilaiti. Mjomba amekaguakagua nati zote tena. Nati mbili za keria ya Chewa zilikuwa zimelegea.

8 Februari, Maikona

Tuliiacha lami Bubisa saa mbili asubuhi. Mawe meusi ya volkano pande zote, kama mtu ameyamwaga kwa tipa. Kilomita 20 kwa saa, wakati mwingine 10. Tulibaki na paundi 28, kwa sababu kwenye mawe makali gurudumu laini huchanika ubavuni, na ubavu hauzibiki.

Maikona tulikwenda kwanza kwa chifu. Ndiye aliyetukutanisha na mzee wa Kigabra atakayefuatana nasi hadi North Horr. Tulikubaliana malipo mbele ya chifu, tukalipa nusu. Mzee hakuuliza habari za magari. Aliuliza tuna maji kiasi gani, kisha akamzunguka Punda, akainama akatazama springi za nyuma zilivyolala.

"Hii nzito," akasema kwa Kiswahili.

"Mzee, tumeipunguza sana," nikamjibu.

"Bado nzito."

9 Februari, Chalbi

Naandika nikiwa Kalacha, saa nne usiku, mikono inatetemeka kwa uchovu. Nataka kuandika kabla sijasahau mpangilio wa mambo.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Magari yote taa zimewashwa mchana kutwa, hiyo ni kanuni, kwa sababu ya mazigazi. Na kanuni ya pili: kila dereva anawajibika kwa aliye nyuma yake. Ukimkosa kwenye kioo unasimama, hata kama aliye mbele anakwenda. Kobe mbele na mzee ndani yake, Chewa katikati, mimi nyuma.

Jua lilipotoka nikaiona. Sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hajaifika. Hakuna ukingo. Ardhi nyeupe, imepasuka vipande vipande kama kaki, mbingu imekaa juu yake bila kitu katikati. Kufikia saa tatu asubuhi mazigazi yakaanza. Chewa aliyekuwa mbele yangu mita mia nne aliinuka kutoka ardhini, akawa anaelea, kisha akagawanyika magari mawili, moja kichwa chini. Upande wa kushoto kulikuwa na bahari. Nasema bahari, na nimezaliwa kando yake. Ilikuwa na mawimbi. Bila taa zile ningempoteza Chewa mara tano.

Mzee alikuwa anasimamisha msafara kila baada ya muda, anashuka, anatembea hatua ishirini thelathini mbele, anapiga kisigino. Anasikiliza na kutazama rangi. Palipo peupe pakavu penye nyufa, tunapita. Palipo na rangi ya kahawia kidogo, pasipo na nyufa, panapong'aa, hatupiti. Chini ya kaki ile kunaweza kuwa na uji wa mvua za Desemba ambao haujakauka. Akirudi garini anasema neno moja tu: "Hapa," au "Hapa bado."

Kosa ni langu. Upepo ulikuwa unatoka nyuma yetu, vumbi la magari mawili likawa linatembea nasi badala ya kubaki nyuma. Nilikuwa sioni kitu na koo limekauka. Nikatoka pembeni ya nyayo za magurudumu yao, hatua kama mia kulia, nipate hewa. Palikuwa peupe. Sikushuka kupiga kisigino. Nilihisi usukani unakuwa mwepesi mkononi, kisha mkia wa Punda ukakaa chini polepole, kama mzee anayejikalisha mkekani. Nilipofungua mlango, sehemu yake ya chini ilifyeka chumvi. Alikuwa amelala kwenye difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma.

Nilijaribu kutoka kwa gia za chini, mara moja tu. Magurudumu yakazunguka bure. Nikazima injini na kuita kwenye redio. Hilo ndilo jambo moja nililofanya sawasawa, maana kila mzunguko wa gurudumu ungemchimbia kaburi.

Mjomba aliwasimamisha Kobe na Chewa kwenye ardhi ngumu, mita sabini hivi. Hakunisema. Alikuja kwa miguu, akazama hadi kifundoni, akatazama, akasema tushushe mizigo yote. Tulibeba jerikeni kumi na tatu za maji zilizobaki na tatu za mafuta, moja moja, kwenye tope lile linalonyonya kiatu. Mzee naye alibeba, tulimkataza hakusikia. Hapo nilijua maana ya kilo. Jenereta ile, friji ile, ningezibeba leo kwa mikono yangu.

Kisha upepo hadi paundi 12. Mbao mbele ya magurudumu ya nyuma. Waya wa winchi ya Kobe ni mita 28, tukaunganisha na mikanda hadi ukafika. Blanketi katikati. Mjomba akaanza kuvuta, na badala ya Punda kutoka, Kobe akaanza kuteleza kuelekea kwetu, magurudumu yote manne yamefungwa breki. Tukamfunga Chewa nyuma yake. Wakateleza wote wawili.

Hakuna mti Chalbi. Hakuna jiwe. Ndipo shemeji, aliyefanya kazi miaka minane kwenye mashua, akasema, "Tutie nanga." Tukachimba shimo la kufika kiunoni nyuma ya Kobe, kwenye ardhi ngumu. Kaki nyeupe juu, unga wa kijivu chini yake, kisha udongo mkavu uliogoma kabisa. Saa moja na nusu ya kupokezana koleo mbili. Tukasimamisha gurudumu la akiba ndani, limeegama kuelekea nyuma, mnyororo umepita katikati yake na kutokea juu, tukalifukia na kulikanyagakanyaga. Mnyororo tukaufunga kwenye chesisi ya Kobe, palepale penye bamba jipya la milimita 5. Nilimwona Mjomba anapiga magoti kuitazama ile weldi kabla ya kubonyeza swichi.

Waya ukakaza. Kobe akajinyoosha, hakusogea. Punda akatoa sauti ya busu kubwa, akasonga shibiri, akasonga dhiraa, kisha akapanda juu ya mbao.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Tulikuwa tumezama tangu saa tatu na nusu. Kipimajoto ndani ya Chewa kilisoma nyuzi 41. Muuguzi alikuwa anamzungukia kila mtu kila nusu saa na kikombe cha maji yenye sukari na chumvi kidogo, anasimama hadi ukimalize. Mwalimu alianza kuumwa kichwa na kuacha kutoka jasho. Akamlaza chini ya turubai akamlowesha shingo na makwapa, hakumruhusu kuinuka tena. Leo tumetumia lita 74 badala ya 48. Bila ile akiba ya 40 ningekuwa naandika mambo mengine.

Kalacha tulifika magharibi. Mikoma, maji, ngamia wengi wamepiga magoti. Mzee aliwasalimu watu wake, akawaonyesha Punda kwa mkono, wakacheka wote, naye akaja kukaa nasi kunywa chai.

10 Februari, Kalacha

Mapumziko. Mwalimu amepona. Nilimwomba radhi kila mmoja, nikaanza na mzee. Alinijibu kwamba hata lori huzama, na kwamba vijana wa huku wakipeleka ngamia hutembea nyuma ya ngamia, si pembeni.

Mizigo imepangwa upya. Jerikeni sita za maji zimehamia kwa Kobe. Springi za Punda zimeinuka vidole viwili.

12 Februari, Loiyangalani

North Horr tuliagana na mzee na kummalizia malipo yake. Tulimpa pia koleo moja, aliyoipenda tangu siku ya shimo.

Kutoka North Horr ni mchanga na laga, yaani mito ya msimu iliyokauka, halafu mawe tena. Pancha mbili, zote za Chewa. Saa kumi jioni, tulipokunja upande wa mlima Kulal, ziwa likatokea. Mwalimu akauliza kwenye redio, "Jamani, hili nalo ni mazigazi?" Hakuna aliyemjibu mara moja. Tulikuwa tumeshadanganywa sana. Lilikuwa ziwa.

Nimeonja maji yake. Yana magadi kweli, unayasikia kwenye meno. Nimewakumbuka wale wapagazi wa 1888 wakifika hapa na midomo imepasuka. Nilimwonyesha mke wa mwalimu jina lililo ndani ya mlango, naye akalisoma kwa sauti kuelekea majini.

Usiku upepo uling'oa hema moja likaenda na vigingi vyake. Tumelala ndani ya magari.

14 Februari, Laisamis

Tumepita katikati ya mitambo ya upepo pale Sarima. Iko 365, na uwezo wake kwa jumla ni megawati 310. Baada ya usiku wa Loiyangalani hakuna aliyeuliza kwa nini waliijenga hapo. Barabara ni changarawe nzuri, tumejaza paundi 28 na kutembea kilomita 60 kwa saa kwa mara ya kwanza baada ya siku sita.

Saa nane mchana magurudumu yamegusa lami. Tumewapigia polisi Marsabit kwamba tumetoka salama. Mafuta yaliyobaki: Kobe lita 31, Chewa 27, Punda 22. Maji lita 35.

20 Februari, Changamwe

Kobe yuko juu ya magogo tena. Weldi zote nzima. Bushi za mbele zimekwisha, mpira mmoja wa rejeta umevimba, chujio la hewa lilitoa unga kama wa ngano. Punda anahitaji springi mpya za nyuma.

Chumvi ya Chalbi imejaa kila tundu la chesisi, imeganda ndani ya boriti, nyuma ya breki, ndani ya milango. Mjomba hataki kupaka grisi kabla haijatoka yote. Tumeosha kwa maji ya bomba na mpira tangu asubuhi, tukiingiza maji upande huu na kuyaacha yatokee upande wa pili. Mara ya kwanza yalitoka ya kijivu. Mara ya pili yalitoka safi, lakini Mjomba akachovya kidole akaonja, akatikisa kichwa, akanirudishia mpira. Mara ya nne akaonja, akaonja tena, akafunga bomba.

"Sasa imebaki ya bahari tu," akasema, akaenda kutafuta grisi.